Baba ya Simba: Maisha ya Mzee wa Kora

Katika darasa letu la baada ya sala ya isha neno la kinaa limekwisha kusemwa mara nyingi, na kila lisemwapo vichwa hutikiswa kwa kukubali, kisha kila mtu huenda zake nyumbani akajikwaa kwa vitu vilivyojaa ukumbini mwake. Twajisema wenyewe kabla ya kuwasema wengine. Nyumba zetu za mjini zimekuwa maghala: makabati ya vioo yenye vikombe visivyonywewa, masanduku ya nguo zisizovaliwa, viti vya kutosha watu ishirini katika nyumba ya watu wanne. Na jambo hili huzidi khasa mtu anapostaafu. Aliyetumika afisini au bandarini miaka thalathini hupokea kiinua mgongo chake, na badala ya kupunguza mzigo huanza kuuongeza: hupandisha ghorofa, hubadilisha makochi, huoza binti kwa karamu ya siku saba, haijapita Ramadhani ya pili ila yumo katika deni, naye anabisha mlango wa kijana aliyekuwa karani wake.

Tulipotafuta mfano wa mtu aliyefanya kinyume cha hayo hatukutaka kwenda mbali hadi Baghdadi au Damaski, kwani mifano ya huko tumeisikia tangu chuoni, na tumezoea kuiona kuwa ni ya watu wa zamani wasiofanana nasi. Tulitaka mtu aliyekula pensheni ya utumishi wa serikali katika nchi hii hii, akala kidogo, na akakaa hivyo si mwaka mmoja wala miwili bali mpaka kufa kwake. Tukampata kando ya Mto Tana, juu ya Garissa, katika pori la Kora. Jina lake ni George Adamson, na watu wa pande hizo walimwita Baba ya Simba. Hicho ni Kiswahili cha bara. Sisi wa pwani tungesema Baba wa Simba, lakini jina ni la mwenyewe na twaliacha kama lilivyo.

Twajua kuna atakayekunja uso kwa kuwa mtu huyu hakuwa wa dini yetu wala wa asili yetu, na kwamba umri wake wa uzee aliupitisha pamoja na wanyama wakali. Jawabu letu ni kuwa mwenye kiu haulizi kabila la aliyekichimba kisima. Wala hatumwandiki mtu huyu ili asifiwe tu. Ana lake la kusifiwa, na ana lake la kulaumiwa, na yote mawili yatakuja mahali pake.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1906 huko Bara Hindi, akasomeshwa Uingereza, na katika mwaka 1924 akaja Kenya, kijana wa miaka kumi na minane, kumsaidia baba yake katika shamba la kahawa. Kahawa haikumwingia moyoni. Kwa zaidi ya miaka kumi aliranda kutoka kazi moja hadi nyingine: alitafuta dhahabu Kakamega, alifanya biashara ya mbuzi, aliwaongoza wageni waliokuja kuwinda. Katika mwaka 1934 yeye na mwenzake walikwenda mpaka Ziwa Rudolf, ambalo siku hizi laitwa Turkana, kutafuta dhahabu, wakavuka ziwa lile lenye mawimbi na mamba kwa kimashua walichokiunga wenyewe kwa fito na turubai. Dhahabu hawakuipata. Mtu angemtazama wakati ule angesema huyu hana mwisho mwema, kwani hana shamba, hana duka, wala hana cheo.

Mwaka 1938 akaingia Idara ya Wanyama wa Porini, akapewa kuangalia Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, nchi kubwa ya ukame iliyoanzia Mto Tana na kufika mpaka wa Uhabeshi. Makao yake yalikuwa Isiolo, lakini ni haki kusema kuwa makao yake khasa yalikuwa njiani. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuwakamata wawindaji wasio na ruhusa, ya kuwafukuza ndovu mashambani, na ya kuwaua simba waliozoea kula mifugo au watu. Basi mtu asidhani kuwa aliyekuja kuitwa Baba ya Simba hakupata kumwaga damu ya simba; aliwaua wengi.

Alisafiri kwa miguu na kwa ngamia, wiki baada ya wiki. Twaona kuwa hapo ndipo alipopata elimu ambayo sisi wa mjini tumeikosa. Kila aliyewahi kwenda Garissa au Wajir amewaona wafugaji wakihama: nyumba nzima, fito zake na mikeka yake, yapakiwa juu ya ngamia asubuhi, na jioni yasimamishwa mahali pengine. Katika maisha kama hayo kila kitu hupimwa kwa mgongo wa mnyama. Chombo kisichotumika ni uzito wa bure, na uzito wa bure humchosha ngamia, na ngamia akichoka watu hufa kwa kiu. Mama wa Kisomali hahitaji kuhutubiwa juu ya israfu. Ngamia wake amekwisha kumhutubia. Adamson aliishi pembeni mwa watu hao kwa miaka ishirini na mitatu, na alipotoka kazini alikuwa amekwisha kuzoea kuwa na kile tu kinachoweza kupakiwa.

Ni Garissa vile vile alikokutana, mwishoni mwa mwaka 1942, na bibi mmoja kutoka Austria aitwaye Joy, wakaoana mwaka 1944. Bibi huyu alikuwa mchoraji hodari, mwenye nguvu ya nafsi na hasira ya karibu, apendaye vitu vizuri. Hatutaki kuingia ndani ya nyumba ya watu; yatosha kusema kuwa walipendana na wakashindana, na miaka ya mwisho waliishi mbalimbali.

Mwanzo wa sifa yao ni tarehe 1 Februari 1956. Siku hiyo Adamson, akiwa kazini kumsaka simba aliyeua mtu, alirukiwa na simba jike akampiga risasi, kisha akagundua kuwa alikuwa na watoto watatu wachanga pangoni. Aliwachukua nyumbani. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, na wa tatu, aliyeitwa Elsa, wakamlea na kumfundisha kuwinda mpaka akaweza kuishi porini peke yake na kuzaa. Joy aliandika khabari hiyo katika kitabu, Born Free, kilichotoka mwaka 1960 na kusomwa dunia nzima, na mwaka 1966 ikatoka sinema yake. Fedha nyingi zilipatikana. Lakini jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kuwa mapato ya vitabu vile yaliwekwa katika mfuko wa kuhifadhi wanyama, wala hayakuwa mali ya kutumiwa na mumewe. Jina likawa kubwa, mfuko wake ukabaki ule ule.

Elsa alikufa kwa maradhi Januari 1961, na mwaka huo huo Adamson akaacha kazi ya serikali. Alikuwa na miaka hamsini na mitano, mwenye afya, mwenye sifa, na mbele yake zilikuwapo njia nyingi za kuchuma: kuongoza watalii, kusimamia mashamba ya wakubwa, kwenda Ulaya kuhutubu kwa malipo. Akachagua kazi isiyokuwa na mshahara. Sinema ilipokwisha kupigwa, simba waliotumika ndani yake wengi walikuwa wapelekwe katika mabustani ya wanyama. Yeye akaomba wachache, akaenda nao Meru, akakaa katika kambi ya mahema na makuti akiwafundisha kurudi katika maumbile yao. Hapo alikaa mpaka mmoja wa simba hao, aliyeitwa Boy, alipomjeruhi mtoto mdogo mwaka 1969. Serikali ikamtaka aondoke, na kwa maoni yetu ilikuwa na haki.

Sasa tunafika mahali ambapo twaomba msomaji asimame kidogo. Joy alikuwa na nyumba kwenye ukingo wa Ziwa Naivasha, nyumba nzuri yenye bustani na majani mabichi, samani na vyombo vya kichina, na kiboko akija kula nyasi usiku. Aliitaka iwe nyumba yao ya uzeeni. Hewa ya Naivasha ni baridi na tamu. Barabara ya kwenda Nairobi i karibu. Daktari hayuko mbali. Ni nyumba ambayo kila mstaafu wa mji huu angeiomba usiku wa kati. Adamson alikaa humo miezi kadhaa tu, akimwuguza Boy aliyevunjika mguu. Kisha mwaka 1970, akiwa na miaka sitini na minne, akaondoka kwenda Kora.

Kora ni pori la miiba, majabali na mchanga, upande wa kusini wa Mto Tana, ng'ambo ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki wa siku zile. Joto lake ni la kuumiza, na mbung'o walikuwa tele. Kwa kuwa hakuna aliyelitaka kwa kilimo, baraza la Tana River lilikubali kumkodisha kwa malipo ya kila mwaka. Alifuatana na mdogo wake Terence, mtu asiyewapenda simba hata kidogo bali aliyependa ndovu, na aliyejua kukata barabara na kujenga. Ndiye aliyejenga kambi chini ya majabali: vibanda vya fito na wavu, kuta za magunia yaliyopakwa saruji, mapaa ya makuti ya mikoma iliyokuwa ikiota kando ya mto. Kambi yote ikazungushwa ua mrefu wa seng'enge. Wageni walikuwa wakishangaa kuona kuwa katika kambi hiyo binadamu ndio waliofungiwa ndani na simba ndio waliotembea nje.

Na ndani ya vibanda hivyo mlikuwa na nini? Kitanda cha safari na chandarua. Meza ndefu ya kulia, iliyokuwa pia meza ya kuandikia. Taa za mafuta. Mashine ya kupigia chapa barua. Simu ya upepo ya kuzungumza na Nairobi kwa saa maalumu. Picha za simba ukutani, na bunduki. Maji yaliletwa kwa mapipa kutoka mtoni, mwendo wa maili chache kwa gari. Choo kilikuwa shimo, na cha kukalia kilikuwa mfupa wa taya la ndovu, nacho kilipata sifa kuliko viti vingi vya wafalme. Nguo zake zilikuwa kaptura na makubadhi. Kifua kilikuwa wazi mchana kutwa, na nywele na ndevu zake nyeupe zikarefuka mpaka akafanana na wazee wa picha za kale. Chakula kilikuwa kile alichokipika mpishi wake wa miaka mingi juu ya moto wa kuni, nacho hakikuwa na anasa.

Kanga wa porini, hondohondo, kunguru na kindi waliingia kambini kila asubuhi kuokota makombo mezani, naye aliwangojea kama mtu angojeavyo majirani. Kabla ya jua kuwa kali alitoka kuwatafuta simba wake, akiwaita kwa sauti juu ya mabonde. Adhuhuri aliandika barua na daftari lake la kila siku. Jioni alitoka tena. Hivyo kwa miaka kumi na tisa.

Lazima tuseme pia alichokibakisha. Hakuacha kiko chake, wala kinywaji chake cha jioni, na hilo la pili sisi hatulipambi. Na pensheni yake, ambayo ilikuwa ndogo, haikumtosha. Si kwa sababu yake yeye, bali kwa sababu ya simba. Wanyama wachanga wasiojua kuwinda walihitaji nyama, na nyama ilinunuliwa, ngamia au ng'ombe, na gari la kuileta lilihitaji petroli. Basi marafiki walimchangia, wageni wakaleta hiki na hiki, na kitabu chake mwenyewe, Bwana Game, cha mwaka 1968, kikamsaidia kidogo. Mtu aliyeweza kuishi kwa sufuria mbili alikuwa na jamaa walaji kuliko watoto wa nyumba kumi. Tumelitia akilini jambo hili kwa makusudi. Kupunguza vitu si sawa na kupunguza haja. Mtu aweza kutoa makabati yote nyumbani akabakisha tamaa moja inayokula kuliko makabati yote.

Katika simba waliofika Kora yumo mmoja aliyetoka mbali kuliko wote. Vijana wawili wa Australia walimnunua mwaka 1969 katika duka kubwa la Harrods, London, ambako wakati ule simba aliweza kununuliwa kama unavyonunua zulia. Wakamweka chini ya duka la samani, wakampa jina Christian. Alipokuwa mkubwa hapakuwa na mahali pake mjini, na mwaka 1970 akaletwa kwa Adamson. Walipokuja kumtazama mwaka uliofuata aliwajua, akawarukia na kuwakumbatia mabegani, na picha za siku hiyo zimeonwa na mamilioni ya watu. Alionekana mara ya mwisho mwaka 1973, akielekea upande wa Meru, asirudi. Twaitaja khabari hii kwa kuwa yaonyesha dunia mbili: mji ambao mnyama mkali ni pambo la kuuzwa, na pori ambalo mzee mmoja ajishughulisha kulitoa pambo hilo katika utumwa.

Lakini haya yote yalikuwa na bei, na si yeye peke yake aliyeilipa. Mwaka 1971 Boy, simba yule yule wa Meru, alimshika mfanyakazi mmoja wa kambi aliyetoka nje ya ua, na Adamson alipofika mbio na bunduki alimpiga simba akamwua, lakini mtu naye akafa mikononi mwao. Terence mwenyewe, asiyewapenda, aliraruliwa uso. Mzee aliendelea. Aliwalilia waliokufa, akamlilia na Boy, kisha akaendelea. Kuna watakaosema huo ni ushujaa. Sisi twauliza ikiwa mtu ana haki ya kuchagua khatari ya namna hiyo kwa niaba ya mpishi wake na mchota maji wake, ambao walikuja kwa mshahara na si kwa mapenzi.

Na liko jambo la nchi yenyewe. Adamson aliiona Kora kuwa tupu, na kwa mwaka wa mvua yaweza kuonekana hivyo. Lakini mfugaji haihisabu nchi kwa mwaka wa mvua. Wasomali wa Garissa na Waorma wa Tana huihisabu kwa mwaka wa ukame, wakati visima vimekauka na mto ni tumaini la mwisho. Hapo pori lisilo na mtu mwezi huu huwa na ng'ombe na ngamia kwa maelfu mwezi ujao. Kora ilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1973, kilomita za mraba zipatazo 1,788, malisho yalikatazwa humo. Ukame wa katikati ya miaka ya sabini ulipokuja, na ule wa mwaka 1984, wafugaji waliingia kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda. Mzee akalalamika kwa serikali, nao wakalalamika juu ya simba.

Tusisahau pia watu hao walikuwa katika hali gani. Tangu vita vya mashifta, vilivyoanza mwaka 1963 na kwisha mwaka 1967, wilaya za kaskazini mashariki na jirani zake, Tana River ikiwamo, ziliishi chini ya sheria za hali ya khatari ambazo hazikufutwa mpaka mwaka 1991. Mwezi wa Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi pale Garissa ulichomwa moto na askari na watu wakauawa. Februari 1984 yakatokea yale ya Wagalla, karibu na Wajir. Kwa mchungaji wa Garissa kutembea nchini mwake lilikuwa jambo la kuulizwa kipande kila hatua. Ng'ambo ya mto ule ule Mzungu mmoja mzee alitembea kifua wazi na simba wake, akiwa huru kuliko mtu yeyote katika Kenya. Hatusemi kuwa aliwadhulumu, kwani sheria zile si yeye aliyezitunga. Twasema tu kuwa mwenye vitu vichache aweza kuwa amekalia mahali pakubwa bila kujua, na kwamba anayejihisabu hana budi kuhisabu na eneo.

Miaka ya themanini ilileta balaa nyingine. Bei ya pembe ilipanda, bunduki zikaenea mpakani, na majangili wakaingia. Ndovu wa Kenya, waliokadiriwa kuwa zaidi ya laki moja mwanzoni mwa miaka ya sabini, walibaki elfu kumi na kitu au ishirini hivi mwaka 1989. Joy alikuwa amekwisha kufa, kuuawa Januari 1980 huko Shaba. Terence alifariki mwaka 1986, akazikwa pale pale kambini. Msaidizi wake wa miaka mingi, Tony Fitzjohn, alikwenda Tanzania kuanza kazi nyingine Mkomazi. Mzee akabaki na watumishi wake. Mara kwa mara alishauriwa aondoke. Alikuwa amepita miaka themanini, macho hayamfai tena, na kila mwenye akili aliona khatari. Hakuondoka. Wengine walisema ni ukaidi. Huenda ulikuwa ukaidi. Lakini twajiuliza angekwenda wapi mtu aliyekwisha kuvitoa vyote ili apabakishe mahali pamoja.

Tarehe 20 Agosti 1989 ndege ndogo ilipita juu ya kambi, na gari likatumwa uwanjani kuwapokea waliokuja. Ndani yake walikuwamo mfanyakazi mmoja na bibi wa Kijerumani aliyekuwa mgeni wa kambi. Njiani majambazi wenye bunduki wakalishambulia, wakampiga yule mfanyakazi na kumvunja mguu, na kumshika yule bibi. Milio ya risasi ikasikika kambini. Adamson alikuwa na miaka themanini na mitatu na bastola ya zamani. Akaingia katika gari lake pamoja na baadhi ya watu wake, na alipoona yanayotendeka hakusimama wala hakugeuza, bali aliliendesha gari moja kwa moja kuwaelekea. Aliuawa hapo, na watumishi wake wawili pamoja naye. Yule bibi alisalimika, na yule mfanyakazi aliyejeruhiwa pia.

Magazeti ya Ulaya yalijaa jina lake moja. Majina ya wale wawili yaliandikwa kwa herufi ndogo, pengine hayakuandikwa kabisa. Na katika magazeti hayo neno Msomali lilitumika kana kwamba ni jina jingine la jambazi, ilhali watu wa Garissa na wa Tana ndio walioporwa na bunduki zile zile miaka yote, wasipate wa kuwaandika. Twalitia hili hapa kwa kuwa ni haki yake kutiwa.

Alizikwa Kora ubavuni mwa ndugu yake, na karibu nao yapo makaburi ya baadhi ya simba. Mwaka uliofuata, 1990, Kora ilifanywa mbuga ya taifa. Ilipotazamwa mali aliyoiacha baada ya miaka themanini na mitatu haikuwa kitu cha kugombewa na warithi: vibanda, vyombo vya kupikia, madaftari, karatasi, na magari mabovu.

Nyumba ya Naivasha imekuwa mahali pa kutembelewa. Mgeni hunywa chai bustanini, kisha huonyeshwa vyumba vya Joy, samani zake na vyombo vyake, na picha alizozichora kwa mkono wake mwenyewe, vyote vikiwa vimepangwa vizuri na kupanguswa vumbi. Nje, mbali kidogo na vitu hivyo, limewekwa gari kuukuu la mumewe, lile aliloliendesha siku ile.